Vifuko vya Shela

Mama aliniomba kitu kimoja tu cha kumfanyia akishakufa, na hicho kimoja nikamharibia kwa mdomo wangu mwenyewe. Nasema mapema ili mtu asije akasoma huku akingoja muujiza. Hakuna muujiza. Kuna ua dogo la rangi ya chungwa ambalo ukilipita kando ya barabara hutaligeuzia hata shingo, na kuna mimi, fundi cherehani mwenye duka Remera, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki.

Ua lenyewe ni gugu. Jina lake la kitabuni silijui, na mkulima yeyote ukimwonyesha atakuuliza mbona hujaling'oa. Halifiki gotini. Shina lake jembamba, majani yamelikumbatia, na juu kabisa hutoka vichwa viwili vitatu, kila kimoja kama kibrashi cha rangi ya kucha kilichochovywa kwenye chungwa lililoiva. Huota mvua zikianza, huchanua, hutoa mbegu, hufa. Miezi mitatu au minne, basi. Haliamki tena kutoka kwenye mzizi wa zamani kama maua mengine. Usipoiwahi mbegu yake, mmeshaagana.

Mdogo wangu wa kiume alifia Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wetu walikuwa wakimbizi na ambako sisi wote wawili tulizaliwa. Alikuwa na miaka saba. Homa ya siku tatu tu, jamani, siku tatu. Baba alimchimbia kaburi kwenye mteremko nyuma ya nyumba, na mvua za kwanza zilipofika kaburi lote likafunikwa na maua haya. Hakuna aliyeyapanda. Mama alikuwa hajala chakula cha maana kwa miezi. Asubuhi hiyo alitoka nje, akayaona, akakaa chini pale pale kwenye tope na kanga yake ya kutokea. Tangu siku hiyo kwake hayakuwa maua tena. Alikuwa akiyaita "mtoto".

Vita vilipokwisha Rwanda na watu wakaanza kurudi, tulipanda lori na vyombo vyetu. Mama alishika vitu viwili mapajani njia nzima: picha ya baba, ambaye naye alikuwa ameshatutoka, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa mbegu za maua ya kaburini. Miaka mingi baadaye tulikwenda Karagwe, mimi na yeye, kuliangalia kaburi. Tulikuta mahindi. Mahindi mazuri, mabichi, yamelishwa mbolea yakashiba. Mwenye shamba alikuwa mtu mpole, akatuletea viti na maji ya kunywa. Hakujua kitu, na nani angemwambia? Mama aliingia katikati ya mistari ya mahindi akatembea akitafuta, akatoka upande wa pili nguo zimelowa umande.

"Twende nyumbani," akaniambia. "Hapa hayupo. Yuko kwenye chupa."

Tulipokuwa tunarudi ndipo akaniomba. Alisema, "Nikifa sitaki saruji juu yangu, na yale maua ya plastiki msiniletee. Nimwagie mtoto. Mbegu zake, juu ya udongo wangu, basi. Utaweza?" Nikasema nitaweza. Ukiwa safarini, mama yako mzima amekaa kando yako anakula ndizi, ni rahisi sana kusema utaweza.

Hapa Ndera, nyuma ya nyumba niliyoijenga kwa kushona sare za shule na magauni ya harusi, mama alijitengea kitalu chenye ukubwa wa kitanda cha mtu mmoja. Na msidhani kulima gugu ni kazi nyepesi. Mahali lisipotakiwa linaota hata kwenye ufa wa ukuta, ukilitaka, linaringa. Mbegu yake ukiifukia haioti, inataka kuuona mwanga. Kwa hiyo mama alichekecha udongo mweusi wa samadi kwa chekeche la unga, akaulowesha, akamwaga mbegu juu juu, kisha akazikandamiza kwa kiganja, polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Maji alinyunyiza kwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu kwa msumari. Miche ikitoka alishinda nayo asubuhi nzima akipunguza iliyosongamana, na ile anayoing'oa alikuwa akiiomba radhi.

"Mama, unaomba radhi majani?"

"Nikikuomba radhi wewe utanijibu vibaya. Haya yananyamaza."

Shida yenyewe ilikuwa kuzipata mbegu. Kichwa kikishachanua hujifumba, hukaa siku kadhaa kimefumba, halafu asubuhi moja ya jua kinafunguka ghafla, kimejaa nyuzi nyeupe laini, kila fungu la nyuzi na mbegu yake. Upepo ukipita saa tano, saa sita hukuti kitu. Na mbegu hizo hazitunziki. Ukiziweka zaidi ya mwaka, nyingi zinafia chupani. Ilibidi kupanda kila msimu, kuvuna kila msimu, bila kuruka hata mmoja.

Hapo ndipo kazi yangu ilipomfaa mama. Nilikusanya masalio ya shela za maharusi, ule wavu mweupe mwepesi, nikashona vifuko vya ukubwa wa kidole gumba na kuvitia uzi mdomoni. Vichwa vikianza kufumba, mama anavivisha vifuko, kimoja kimoja, na kukaza uzi. Vikifunguka, mbegu zinabaki ndani. Ungekiona kitalu siku hizo ungedhani sisimizi wanaoana. Mavuno yakiisha tunavifua, tunavipiga pasi, vinarudi kwenye droo ya cherehani kungoja msimu mwingine.

Sasa niseme aibu yangu. Mtaa wetu, mudugudu tunauita, una kiongozi wake, na kiongozi anapenda usafi kuliko chakula. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda: tunatoka wote na majembe na mapanga, tunafyeka, tunazibua mitaro, kisha tunakaa mkutano. Jumamosi moja kiongozi akapita nyuma kwangu na kundi la watu, akasimama mbele ya kitalu cha mama.

"Fundi, haya majani vipi? Unafuga nyoka?"

Watu wakacheka. Ningesema ukweli pale pale, yangeisha. Lakini unaanzia wapi? Useme mama yangu anapalilia gugu kwa sababu ni mwanawe? Nilijisikia uso unaniwaka. Nikajibu, "Ni dawa ya tumbo ya mzee. Akipata nafuu tutang'oa." Jirani yangu wa ukuta wa kulia alikuwepo, mwanamke mpole mwenye mikono ya mwanamume, ambaye kila umuganda hufyeka sehemu yake kisha akahamia za wazee bila kuombwa. Akasema, "Siku iko tayari wewe sema tu, fundi. Mimi nakuja natoa yote." Nikamshukuru. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha huo wangu miaka yote, na hapakuwa na jirani hata mmoja aliyejua ua lile ni kitu gani.

Na hiyo bado ni aibu ndogo. Kubwa ni hii.

Miaka sita kabla mama hajafa, alikwenda Nyagatare kwa dada yake akae mwezi mmoja. Ilikuwa kiangazi, na kitalu kilikuwa kimechelewa, ndiyo kwanza maua yanachanua. Chupa ilikuwa tupu, mbegu zote zilikuwa ardhini. Mama aliniachia maagizo mlangoni na mkoba wake begani: "Maji asubuhi na jioni. Vikifumba, vifuko. Usisahau, wewe mtu wa kusahau." Nikamwambia asinifanye mtoto.

Kiangazi ndio msimu wa harusi. Nilikuwa na magauni ya maharusi wanne na wasindikizaji wao, kila mmoja amenenepa tangu nimpime. Nilitoka nyumbani mapema, nikarudi nimechoka hata viatu sivui. Siku ya kumi na kitu nikakumbuka kitalu. Yesu wangu! Nilikimbilia nyuma nikakuta majani makavu. Vichwa vilikuwa vimenyaukia njiani kabla ya kufunguka. Nilivisugua kiganjani nikapata vumbi tu. Nikavimwagilia hata hivyo. Siku nne nzima nilimwagilia vitu vilivyokwisha kufa, mpumbavu mimi, nikiviambia amkeni, amkeni.

Mama alikuwa anarudi Jumapili. Ijumaa nilishuka kwenye basi hapa Ndera, nikaingia njia ya vumbi jekundu inayopita pale wanapooshea magari. Maji yao machafu yanaingia mtaroni, kwa hiyo mtaro haukauki hata jua likiwaka vipi. Na ndani ya mtaro ule, katikati ya chupa za plastiki, nikaliona. Ua lile lile. Si moja, si mawili: yamejaa, ya chungwa, na mengi yameshafunguka meupe. Nilikuwa nimepita pale miaka, sikuwahi kugeuza shingo. Nikatoa mkasi kwenye mkoba, nikashuka mtaroni na sketi yangu nzuri, nikakata vichwa nikavitia mkobani, vya kutosha kuijaza chupa ya mama. Waosha magari walinitazama, wakaulizana kwa Kinyarwanda kama niko sawa kichwani.

Jumapili mama alifika, hata kuketi hajaketi, akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia jua lilikuwa kali, shina limekauka, lakini mbegu niliziwahi zote, kwa vifuko, kama alivyosema. Nikampa chupa. Akamimina chache kiganjani, akasogea penye mwanga wa dirisha. Alizitazama muda mrefu. Vumbi jekundu lilikuwa limebaki kwenye mikunjo ya kiganja chake.

"Si ndizo, mama?" nikauliza. Sijui shetani gani alinisukuma kuuliza. Nilikuwa natazama mkono wake, macho yake sikuyaweza.

Akalipuliza lile vumbi taratibu.

"Ndizo," akasema. "Asante, mwanangu."

Akazirudisha chupani, akaenda kunawa mikono. Nikapumua. Nilijiona mjanja, nikajiambia kwamba asichokijua hakimuumizi. Mvua zilipoanza akazipanda, zikaota, akazipapasa, akaziita mtoto vile vile. Lakini mimi kila nilipomsikia akiita hivyo nilitafuta kazi ya kufanya chumba kingine. Kaburi la mdogo wangu lilikuwa limelimwa, na ukoo wa maua yake ulikuwa umekatika mkononi mwangu, kwa sababu ya magauni ya watu ambao wengine wao walishaachana. Nilipanga kumwambia. Kila msimu nilipanga.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, kisha tumbo, kisha akawa hawezi kulala bila mito mitatu mgongoni. Tulimlaza hospitali. Kitalu kilikuwa kimechanua vizuri kuliko miaka yote, na mama akiwa pale kitandani, mrija wa hewa puani, hakuniuliza habari za nyumba wala za duka.

"Mtoto ameshafungua?"

"Bado, mama. Jana nimemtazama. Vichwa vyote vimefumba."

"Basi kamvishe vifuko. Wewe unajua ni vya nini safari hii."

Nilijua. Mbegu hizo ndizo zingekwenda naye kaburini, tulijua wote wawili. Nikamwambia kesho nitavivisha. Kisha nikaona hapa ndipo mahali pa kusema, kama nitasema. Nikavuta kiti. "Mama, kuna jambo la zamani nataka kukuambia, kuhusu mtoto."

Akafumba macho. "Ni la kunifurahisha?"

"Hapana."

"Basi kaa nalo. Nisugue miguu."

Nikamsugua miguu. Ilikuwa baridi, na kidole changu kikibonyeza mahali shimo linabaki. Nilimsugua mpaka akalala. Alikata roho asubuhi, saa moja kasoro, wakati muuguzi anabadilisha shuka la kitanda cha jirani. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wake, na nikakishika muda mrefu baada ya hapo kwa sababu sikujua pa kukiweka.

Saa mbili nikiwa korido nasubiri karatasi za hospitali, simu ikalia. Alikuwa jirani yangu wa ukuta wa kulia, habari zilikuwa zimeshamfikia. Kwetu mtu akifiwa, majirani hawangoji kuitwa: wanaingia, wanafagia, wanapanga viti, ili wafiwa wakirudi wakute mahali pa kupokea watu. Alikuwa analia kidogo.

"Fundi, ihangane. Pole sana, mama yetu ameenda. Sisi tuko hapa kwako, tunasafisha. Sasa huku nyuma iko majani mengi. Tunatoa ama tunaacha?"

Mbele yangu karani alikuwa ananiambia kwamba jina la mama limekosewa herufi, nirudi dirisha la kwanza. Sikio moja karani, sikio jingine jirani. Nikasikia "majani", nikaona ua wa nyumba yangu umejaa watu wanaocheka, nikamsikia yule kiongozi na nyoka wake. Kitalu hakikunijia akilini. Naapa hakikunijia. Nikafoka kwenye simu, "Fyekeni kote! Sitaki kurudi nikakuta jani hata moja!"

"Sawa, fundi," akasema kwa upole. "Usijali."

Nilifika nyumbani saa sita. Ua ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio ilionekana, hema limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa mpaka nyuma. Nikaenda nyuma kuvua viatu. Pale palipokuwa kitalu palikuwa pamesawazishwa kwa jembe na kunyunyizwa maji kidogo ili vumbi lisitimke, na juu yake wazee watatu wa kanisani wameketi kwenye viti, wakaniinukia kunipa mkono. Sikuwapa mkono. Niliangalia miguu ya viti. Ilikuwa imezama kidogo kwenye udongo wa mama, kwa ulaini wake.

"Majani yako wapi?" nikauliza.

Jirani akatoka jikoni akipangusa mikono. Akasema wamejaza magunia manne na gari la taka limeshapita, bahati nzuri. Bahati nzuri! Nilimrukia kwa maneno. Sitayaandika yote hapa. Nilimwambia ana nguvu za punda na akili za punda. Nilimwambia yale hayakuwa majani, yalikuwa maua ya kaburi la mdogo wangu, mama ameyalea maisha yake yote, mbegu zake zilikuwa za kwenda kumwagwa juu ya kaburi lake mwenyewe, na yeye ameyatupa kwenye taka. Nikapiga kelele kwamba ameniulia mama mara ya pili. Watu wakasimama. Mtu akasema "yoo", kwa huruma ya kwetu, wakaja kunishika mabega.

Yeye hakujitetea. Alisimama na udongo umemganda magotini, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini fundi, wewe umesema jani hata moja."

Ni kweli nilikuwa nimesema. Ulimi hauna mfupa. Na ndani kabisa, mahali ambapo hakuna aliyeweza kunishika bega, nilijua pia kwamba hata katika kupiga kelele nilikuwa nadanganya. Yale hayakuwa maua ya kaburi la mdogo wangu. Yalikuwa ya mtaroni, ya pale wanapooshea magari.

Tulimzika kesho yake. Udongo ulikuwa mwekundu, umelowa mvua ya asubuhi, ungepokea mbegu vizuri sana. Niliutazama nikafikiri hivyo, kama mkulima. Wenzangu wa dukani walileta shada la maua ya plastiki limefungwa kwa karatasi inayong'aa, wakaliweka juu, na sikuwa na uso wa kuwakataza. Nilitia mkono kwenye mfuko wa koti nikakuta kifuko kimoja cha shela, cha msimu uliopita, kitupu. Nikakirudisha mfukoni.

Siku zote za ikiriyo, zile siku za matanga watu wanapokuja kukaa na wewe, jirani alikuwa kwangu tangu asubuhi. Aliosha masufuria nyuma, akachota maji, akapitia upande ambao sipo. Nikiingia jikoni yeye anatoka. Hatukusemeshana hata salamu. Wageni walipoondoka na hema likafunguliwa, ukimya uliobaki ulikuwa mkubwa hata nikawa nawasha cherehani bila kitambaa, ili kitu kilie.

Siku ya tatu baada ya watu kuondoka, mchana, akabisha mlango wa nyuma. Sikutaka kumfungulia. Nilimfungulia kwa sababu alikuwa ameshaniona dirishani. Alikuwa ameshika chupa ya asali iliyooshwa, kifuniko kimekazwa, na ndani mna manyoya meupe mpaka shingoni.

"Fundi," akasema, "nisamehe. Hii nilitoa mbele ya kung'oa. Niliona iko nzuri, nikaweka. Halafu kwa ile huzuni nikasahau kukuambia."

Niliipokea. Nikafungua kifuniko, nikamimina chache kiganjani, nikasogea penye mwanga wa dirisha. Mbegu zilikuwa zenyewe, nyembamba, kahawia, na nyuzi zake. Na kati yao vumbi jekundu. Nikamtazama miguu: raba zake zilikuwa na tope mpaka kwenye kamba, na sketi imelowa mpaka magotini. Siku mama alipoingia mautini vichwa vyote vya kitalu vilikuwa vimefumba, nilikuwa nimeviona kwa macho yangu. Asubuhi ile aliyong'oa hapakuwa na mbegu hata moja ya kuweka.

Nilikuwa na jibu. Mimi sikosi jibu. Lilikuwa limeshafika mdomoni, kali, lenye punda ndani yake. Nikainua uso nimpe, nikakuta hanitazami. Alikuwa anatazama mkono wangu. Uso umemkauka, midomo imebana, anangoja, na macho yangu hathubutu kuyatazama.

Nami niliujua uso huo. Nilikuwa nimeuvaa mimi, dirisha hili hili, miaka sita nyuma, nikimtazama mama mkono. Mama alikuwa na udongo mweusi kwenye kitalu chake, na aliziona mbegu zina vumbi jekundu. Mwanamke aliyemjua mtoto yule kwa kupapasa gizani. Alijua. Alijua siku ile ile, na kwa miaka sita alimwagilia maua ya mtaroni na kuyaita mtoto mbele yangu, msimu baada ya msimu, ili mimi nisijue kwamba anajua. Na nilipotaka kusema, akaniambia nimsugue miguu.

"Si ndizo, fundi?" jirani akauliza.

Nikalipuliza lile vumbi taratibu.

"Ndizo," nikamwambia. "Asante, dada yangu."

Nikamsikia anapumua. Nikazirudisha chupani, nikaenda kunawa mikono.